Kusoma Kilwa: Uhakiki wa Lugha ya Utalii katika Pwani ya Kusini

0. Utangulizi

Msomaji wa Katanga anapolisikia jina la Kilwa, jambo la kwanza linalomjia akilini ni mji ulio ukingoni mwa ziwa Mweru, mahali pa mitumbwi na samaki. Kilwa ya pili, ile ya Bahari ya Hindi, huijua kwa njia ya vitabu tu. Makala haya yanahusu Kilwa hiyo ya pili, iliyo katika mkoa wa Lindi, kusini mwa Tanzania. Hata hivyo, lengo si kusimulia tena historia yake, wala kumshauri msafiri apande chombo gani na alale wapi. Lengo ni kuchunguza maneno ambayo kwayo Kilwa huelezwa kwa Kiswahili katika maandishi ya utalii, na kuuliza kama maneno hayo yanamwonyesha mgeni kile kilichopo, au yanamfumba macho.

Pwani hiyo ilikuwa mbali kwa muda mrefu. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, msafiri aliyetoka Dar es Salaam, mwendo wa kilomita zipatazo 300, alilazimika kusubiri kivuko kwenye mto Rufiji, na wakati wa masika safari ingeweza kumshinda kabisa. Umbali huo una matokeo mawili. Kwanza, uliiepusha Kilwa na mahoteli yaliyojaa kaskazini, Unguja na Mombasa. Pili, uliifanya Kilwa ielezwe mara nyingi zaidi na watu wanaotoka mbali kuliko na wakazi wake. Hilo la pili ndilo linalohusu isimu na uhakiki.

Maneno manne yatachunguzwa: kivutio, gofu, majina ya majengo yenyewe, yakihesabiwa kama neno moja, na mwisho utalii.

1. Kivutio: nani humvuta nani?

Neno kivutio limeundwa kwa utaratibu usio na dosari. Kutokana na kitenzi vuta hupatikana vutia, na kutokana na vutia hupatikana kivutio, kama vile kutokana na kitenzi fungua hupatikana ufunguo. Kwa hiyo anayelilaumu neno hili kwa upande wa mofolojia hana hoja. Shida yake iko katika semantiki. Tendo la kuvutia lina washiriki wawili tu: chenye kuvuta na mwenye kuvutwa. Mahali huvuta, mgeni huvutwa. Mtu wa tatu, yaani mkazi wa mahali penyewe, hana nafasi katika sentensi hiyo. Akiingizwa, ataingizwa kama sehemu ya kitu kinachovuta: atakuwa mvuvi wa kupigwa picha, au bibi anayesuka ukili kivulini.

Ikumbukwe kwamba Kilwa Kisiwani ni kisiwa chenye watu. Wakulima na wavuvi wanaishi kati ya kuta za kale. Mbuzi wao hulisha penye makaburi, na watoto wao hupita msikitini kwenda shule. Orodha ya vivutio huhesabu msikiti, kasri, ngome, mikoko na fukwe. Kijiji hakimo, kwa sababu kijiji hakikujengwa ili kimvute mtu. Basi neno ambalo linaonekana kuwa la heshima kwa mahali humtoa mwenyeji katika habari ya nyumbani kwake.

Mfano ulio wazi zaidi unapatikana kusini zaidi, katika mkoa uleule wa Lindi, mahali paitwapo Tendaguru. Hapo, kati ya mwaka 1909 na 1913, wataalamu wa Kijerumani walichimbua mifupa ya mijusi wakubwa wa kale, na wapagazi wakaibeba mizigo hiyo vichwani na mabegani, mwendo wa siku kadhaa, hadi bandari ya Lindi. Mmoja wa mijusi hao amesimamishwa katika jumba la makumbusho la Berlin tangu mwaka 1937, na kimo chake kinazidi mita 13. Tendaguru nayo hutajwa miongoni mwa vivutio vya kusini, lakini kitu chenyewe kilikwisha kuvutwa, tena kwa nguvu za watu wa mahali hapo, kikapelekwa Ulaya. Anayefika Tendaguru leo hukuta ardhi na majani. Lugha ya vivutio haina namna ya kulisema jambo hilo, kwa kuwa haimwulizi mtu yeyote kitu kilikwenda wapi na nani alikibeba.

2. Gofu na mahame

Mwaka 1981 Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliandikwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Jina lililoandikwa halikuwa la miji hiyo peke yake, bali magofu ya miji hiyo. Tangu hapo, neno gofu limekuwa kama sehemu ya jina. Mwaka 2004 eneo hilo lilitiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya bahari inayokula ufuko, mimea inayopasua kuta na upungufu wa matunzo; likaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi nyingi ya ukarabati. Kazi hiyo inastahili sifa. Uhakiki huu hauhusu waashi, unahusu maneno.

Katika Kiswahili gofu ni kitu kilichobaki mifupa mitupu. Nyumba iliyoezuliwa ni gofu; mtu aliyekondeshwa na maradhi husemwa kuwa amebaki gofu la mtu. Neno hilo huonyesha hali ya kitu na kunyamaza juu ya watu. Isitoshe, siku hizi lina pacha wake, gofu, jina la mchezo wa wenye fedha, na msomaji asiye makini anaweza kudhani kwamba Kilwa ina viwanja vya kuchezea.

Lugha inalo neno jingine ambalo maandishi ya utalii yamelisahau: mahame. Mahame ni mahali palipohamwa. Neno hili limetokana na kitenzi hama, na kitenzi hicho kinadai mtendaji. Ukisema gofu, msikilizaji huuliza jengo lina umri gani. Ukisema mahame, huuliza nani walihama, kwa nini, na wamekwenda wapi. Kwa Songo Mnara, mji wa karne ya 14 na ya 15 wenye misikiti, kasri na nyumba nyingi za mawe ya matumbawe, swali hilo ndilo kiini cha ziara yote. Kwa Kilwa Kisiwani, jibu lake lina pande mbili: wengine walihama, na wengine hawajahama mpaka leo. Hivyo mahame haliwezi kuwa jina la kisiwa chote. Lakini angalau ni neno linalojua kwamba nyumba huwa na watu.

Hapana shaka mtu anaweza kupinga na kusema kwamba neno ni chombo tu, na kwamba mgeni anayelipa nauli ya mashua huwasaidia wenyeji hata kama maneno ya kitabu chake ni mabaya. Hoja hii ina uzito, na haipaswi kudharauliwa na watu wanaokaa vyuoni. Walakini maneno huongoza fedha. Mahali panapoitwa gofu hupewa fundi wa kuta na mlinzi wa kuta. Mahali panapoitwa kijiji hupewa pia kisima, zahanati na mwalimu. Kwa hiyo uchaguzi wa neno si pambo.

3. Majengo na majina yake

Anayevuka mlango wa bahari kutoka Kilwa Masoko, safari ya kilomita mbili hivi kwa mashua, huona kwanza jengo kubwa karibu na maji. Jengo hilo linaitwa Gereza. Msemaji wa Kiswahili sanifu atadhani kwamba hapo walifungwa wahalifu. Msemaji wa Lubumbashi, ambaye mwenyewe husema buloko, atalielewa kwa msaada wa vitabu, naye atadhani vivyo hivyo. Lakini neno gereza, kama wataalamu wengi wanavyokubali, linatokana na neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Wareno waliuteka mji mwezi wa Julai 1505, chini ya Francisco de Almeida, wakajenga ngome, na ndani ya ngome zao walikuwa na makanisa. Wenyeji walilichukua jina la sala wakaliita nalo boma lote. Na kwa kuwa ndani ya maboma hayo watu walitiwa pingu, maana ikateremka hadi kifungo. Wareno waliondoka baada ya miaka michache, na sehemu kubwa ya jengo linaloonekana leo ni ya wakati wa Waomani, karne ya 19. Neno moja, basi, limehifadhi kanisa, ngome na kifungo, na wenyeji wamelifanyia wageni uhakiki mkali kuliko kitabu chochote. Kibao kinachoandika Gereza bila maelezo kinaifukia habari hiyo.

Mfano wa pili ni Husuni Kubwa. Husuni ni neno la Kiarabu lenye maana ya ngome. Jengo hilo, lililo juu ya jabali upande wa mashariki, halikuwa ngome hata kidogo. Lilikuwa kasri lenye vyumba zaidi ya mia moja, nyua, na birika la kuogea lenye pembe nane, lililoanzishwa na Sultani al-Hasan bin Sulaiman mwanzoni mwa karne ya 14, nalo halikumalizika. Sultani huyo ndiye aliyempokea Ibn Battuta mwaka 1331, na msafiri yule akausifu mji huo kuwa miongoni mwa miji mizuri aliyoiona. Vizazi vilivyofuata, vilivyoishi katika hofu ya mizinga, vilipotazama kuta nene hizo havikuweza kufikiri ila vita. Jina Husuni, kwa hiyo, halisemi jengo lilikuwa nini. Linasema waliolipa jina waliogopa nini. Kulisahihisha jina kungekuwa kosa. Kutolieleza ni kosa pia.

Mfano wa tatu unamhusu msomaji wa Kongo kwa namna ya pekee. Makutani ni jina la kasri nyingine kisiwani, nalo hutokana na makuta, yaani kuta kubwa. Mkongomani aliyezaliwa kabla ya mwaka 1990 atalisikia kwanza neno la fedha, kwani makuta yalikuwa sarafu za nchi yake tangu mwaka 1967. Mfanano huo ni wa bahati nasibu. Lakini bahati hiyo inafaa kumkumbusha kwamba Kilwa nayo ilikuwa na sarafu zake. Masultani walipiga sarafu za shaba zenye maandishi ya Kiarabu, na maneno ya upande mmoja yalikuwa na vina pamoja na maneno ya upande wa pili. Mtu aliyekwenda sokoni alibeba mfukoni shairi dogo la mishororo miwili. Chache kati ya sarafu hizo ziliokotwa mwaka 1944 katika visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia, na mpaka leo wataalamu wanabishana juu ya namna zilivyofika huko. Kwa mwanafunzi wa fasihi, hakuna kitu Kilwa kinachostahili kutangulizwa kuliko sarafu yenye vina. Lakini katika maelezo ya utalii hutajwa kwa haraka kati ya papa wa kuvuliwa na machweo ya jua.

Majina ya Kilwa Kivinje, mji ulio bara upande wa kaskazini, yana uchungu zaidi. Mji wenyewe umeitwa kwa miti ya mvinje, yenye kivuli chepesi na sauti ya upepo. Katika karne ya 19 ulikuwa bandari kuu ya kuuzia watumwa waliotolewa pande za ziwa Nyasa. Biashara hiyo ilikuwa na mizizi ya kale zaidi: mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alifanya mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumpatia watumwa 1000 kila mwaka. Mjini humo pia watu huonyesha mahali paitwapo Mwembe Kinyonga, ambapo Wajerumani walimnyonga Hassan bin Omari Makunganya mwaka 1895. Na katika vilima vya Umatumbi, huko Nandete, mwezi wa Julai 1905 watu waling'oa pamba waliyolazimishwa kulima, na vita vya Majimaji vikaanza. Mti huo wa mwembe haupendezi. Haumvutii mtu. Kwa kipimo cha kivutio haustahili kuwamo katika orodha; kwa kipimo cha ukweli unastahili kutangulia.

Wasomaji wa tamthilia ya Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, mzaliwa wa Kilwa, wanaelewa jambo hili vizuri. Mwandishi huyo alionyesha neno linalomponyoka aliyelisema, likakua, likawatawala waliolisikia. Maneno ya utalii ni madogo mbele ya neno la Majimaji, lakini nayo yana desturi hiyohiyo: yakishatoka hayarudi.

4. Utalii: neno lililopoteza nusu yake

Lipo basi neno lenyewe linalotaja shughuli yote. Utalii ni unomino wa kitenzi talii, nacho kimetoka katika shina la Kiarabu lililotupa pia neno mutalaa, yaani kusoma kwa makini. Hata matlai, upepo wa mashariki ambao mabaharia wanaujua, ni wa shina hilo, kwa maana yake ya kuchomoza. Kutalii kwa asili ni kuchunguza kitu kama mtu anavyochunguza ukurasa. Matumizi ya siku hizi yamebakiza safari na starehe, yakatupa mutalaa. Huku Kongo hasara haionekani, kwa kuwa msemaji wa kawaida hutumia neno lililokopwa kutoka Kifaransa na hajui kwamba Kiswahili kilikuwa na wazo bora.

Yafaa kuuliza shughuli za mgeni huko Kilwa zingekuwaje kama neno lingerudishiwa nusu yake. Hakuna haja ya kumnyima bahari. Atasafiri kwenda Songo Mnara, na safari hiyo hufuata maji yanavyojaa na kupwa. Kabla ya kuondoka itambidi ajifunze kwa nahodha tofauti ya bamvua na maji mafu. Atapita kati ya mikoko na kukanyaga tope, na ataelewa kwa miguu yake kwa nini mji wa mawe ulijificha nyuma ya miti hiyo. Ataelezwa kaskazi na kusi, na atafahamu kwamba chombo kutoka Arabuni kingeweza kufika Kilwa na kurudi katika mzunguko mmoja wa pepo hizo, na kwamba hiyo ndiyo sababu mojawapo dhahabu ya Sofala ilipitia hapa. Huko ndiko kutalii kwa maana kamili: mwili unasafiri na akili inasoma.

Msomaji huyo hataridhika na hadithi anayopewa kila mgeni, ile ya mwana wa mfalme wa Shirazi aliyekinunua kisiwa kwa nguo za kukizunguka chote. Atasikiliza, kwa sababu ni hadithi nzuri, na wenyeji ndio wanaoisimulia. Halafu atauliza. Atakumbushwa kwamba Derek Nurse na Thomas Spear, katika kitabu chao cha mwaka 1985, walionyesha kwa ushahidi wa lugha kwamba Kiswahili ni Kibantu katika msingi wake, na kwamba uchunguzi wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2023, uliohusisha makaburi ya Kilwa na Songo Mnara pia, ulikuta wazee wa kike wengi wao Waafrika na wazee wa kiume wengi wao kutoka Uajemi. Hadithi ya nguo haikuwa uongo mtupu, wala haikuwa kweli nzima. Ilimtaja mnunuzi ikamsahau mama.

5. Hitimisho

Imeonekana kwamba kivutio humtoa mwenyeji, gofu huwasahau waliohama na waliobaki, na majina ya majengo, yakiachwa bila maelezo, hudanganya. Imeonekana pia kwamba dawa haitafutwi nje. Kiswahili chenyewe kinalo neno mahame, kina historia ya gereza na husuni, na kina neno utalii linalongoja kusomwa upya.

Yabaki jambo moja ambalo vyuo vya Kongo havina budi kulikabili. Kiswahili kilifika Katanga katika karne ya 19 pamoja na misafara, kisha kikaenea katika kambi za migodi. Tangu hapo mwanachuo wa huku ameizoea pwani kama mtalii anavyoizoea Kilwa: mahali pazuri, pa mbali, pa kale, penye lugha safi isiyo na watu wa leo. Huiendea kutafuta ufasaha kama mwingine anavyotafuta ufuko. Kimgao, kilichokuwa kikisemwa na watu wa Kilwa, hakimpi shida wala faida, kwa sababu hajauliza kama bado kina wasemaji. Kwa mtazamo huo pwani imekuwa kivutio cha wanaisimu, na lugha ya Lubumbashi, yenye wasemaji hai wengi, imeonwa kama gofu la ile ya pwani.

Kosa ni lilelile. Anayetaka kumsahihisha mwandishi wa vijitabu vya utalii hana budi kuanza na daftari lake mwenyewe. Kilwa ya bahari na Kilwa ya ziwa zote mbili zina watu, na watu hao wote wanasema.